Bi Mdogo Apata Injini ya Gari la Mikate

Jumatatu, 3 Juni

Nimetangaza! Mezani, mbele ya wote, kijiko mkononi. Jumamosi ya wiki ijayo binti yangu anaolewa, na hatapelekwa ukumbini na gari la mtu. Atapelekwa na baba yake, kwa gari la baba yake. Mke wangu akauliza gari lipi. Nikaelekeza kijiko dirishani. Akatazama uani, akasema mle ndani kuku analalia mayai, nisimsumbue.

Dharau! Lile ni gari la michezo. Jekundu, viti viwili, pua ndefu. Nimelirithi kwa marehemu mjomba wangu, aliyeliendesha mpaka injini ikakata roho. Miaka kumi na minane liko chini ya turubai. Mke wangu analiita Bi Mdogo. Anasema hajapata kuona mke mwenza wa namna hiyo, hapiki, hafui, na bado analalia sehemu nzuri ya uwanja.

Nilisukumwa na Shemeji, kaka wa mke wangu. Jana alikuja na lile gari lake jipya la rangi ya fedha, akaegesha mlangoni pangu ili majirani wapite ubavu, kisha akatangaza kwa upole kwamba yeye, kama mjomba, atambeba bibi harusi. Akasema nisijisumbue, anajua hali yangu. Hali yangu! Mimi fundi cherehani, nimevalisha nusu ya mtaa huu, yeye mwenyewe suruali alizonazo nimezipanua kiuno mara tatu.

Halafu kuna ahadi. Binti yangu tunamwita Kifungo, kwa sababu alikulia chini ya cherehani yangu akichezea vifungo. Alipokuwa na miaka sita alikaa kwenye usukani wa Bi Mdogo, miguu ikining'inia, akaniuliza litatembea lini. Nikamwambia siku ya harusi yake. Niliona ni mbali sana! Watoto hawasahau, hilo ndilo tatizo lao.

Kifungo alikuwapo mezani. Baadaye alinifuata chumba cha kushonea, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli kama mimi ni fundi. Akanishika bega, akatoka. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Gauni nalishona mimi mwenyewe. Bado mikono na mkia. Muda upo tele.

Jumanne, 4 Juni

Tumemkokota Bi Mdogo hadi gereji. Kuku alikataa kushuka, tukaenda naye.

Makanika wetu anaitwa Fundi Polepole. Mikono yake ina kasi, ulimi ndio hauna. Ukimsalimia asubuhi, anakujibu umeshafika kazini. Juu ya mlango wa gereji ametundika kibao: Haraka haraka haina baraka. Nikamweleza mimi nina siku kumi na moja.

Akafungua boneti. Akatazama. Akaingiza spana, akatoa kiota cha panya. Nikasubiri hukumu. Baada ya kitambo alisema injini hii... imekwenda... na mwenyewe. Nikauliza dawa. Akasema itafutwe nyingine, si lazima ya aina hiyohiyo, ila... Sikungoja "ila" yake. Nilishapata nilichokitaka. Injini nyingine! Kumbe ni kama kubadilisha bitana ya koti. Nimebadilisha bitana maisha yangu yote.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata injini! Na sijatoa hata senti.

Mwokaji wa pale kona ana kigari cha kusambazia mikate. Bodi imeoza, milango imefungwa kwa kamba, lakini injini yake inalia vizuri. Ameshanunua kigari kingine, hiki anakifanya ghala la magunia matupu. Tumeafikiana: injini na giaboksi yake ni zangu, mimi namshonea aproni kumi na mbili na kofia zake. Alitaka na jina lidariziwe kifuani. Nikakubali yote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nikaipima injini mwenyewe kwa futi yangu ya shingoni. Kifua, kiuno, mabega, urefu hadi gotini. Nikaongeza nusu inchi kila upande ya kupumulia. Kisha nikaenda kupima nafasi chini ya boneti ya Bi Mdogo. Inaingia! Tena inabaki nafasi ya kumtosha mtu mwembamba. Bwana wangu aliyenifundisha kazi alikuwa akisema pima mara mbili ukate mara moja. Nimepima mara mbili.

Shemeji alipita, akauliza ile harufu ya mikate inatoka wapi. Nikamjibu ni harufu ya maendeleo.

Ijumaa, 7 Juni

Haikuingia.

Nilipima injini peke yake. Giaboksi sikuipima. Nilidhani ni kama mikono ya koti, inashonwa baadaye. Kumbe imeshikana na injini ubavuni kama mapacha, huwezi kumwalika mmoja. Polepole aliinyanyua kwa mnyororo, akaishusha, ikakaa juu ya Bi Mdogo kama kuku yule kwenye mayai. Boneti ikabaki wima, imenyoosha mkono.

Na nani alikuwa amesimama mlangoni? Shemeji! Eti alikuwa anapita. Gereji iko mwisho wa barabara, hakuna pa kupitia. Alitazama injini, akanitazama, akasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mbele ya watu! Methali ya nguo, kwa fundi wa nguo!

Kifungo aliuliza tumefikia wapi. Nikasema ni marekebisho madogo. Akasema yeye ameshamwambia mchumba wake, na mchumba amewaambia wenzake wote kazini. Nilikunywa maji glasi mbili.

Jumapili, 9 Juni

Wazo! Wazo la mwaka!

Mchana alikuja mteja wa siku nyingi na shati lake, kola imechakaa. Kazi ya kawaida. Unafumua kola, unaigeuza, upande mbovu unaingia ndani, upande mzima unatoka nje, unashona tena. Shati linakuwa jipya. Nilikuwa nafumua uzi wa tatu nilipopigwa na radi ya akili. Niliacha mteja kifua wazi, nikakimbilia gereji.

Nilimkuta Polepole kwao, gereji ikiwa ndiyo uani kwake, anakunywa chai. Nikamweleza. Injini imekataa mbele? Twende nyuma! Buti la Bi Mdogo ni pana. Gari la mikate lilikuwa linasukuma magurudumu ya mbele, injini imekaa katikati yao. Basi tunaichukua kama ilivyo, tunaiweka kati ya magurudumu ya nyuma. Polepole akatikisa kichwa kukubali. Hilo, alisema... linawezekana.

Tukapima pamoja, na giaboksi yake, mimi si mtu wa kurudia kosa. Lo! Upande mnene unagonga migongo ya viti. Inchi nne! Polepole akaweka kikombe chini. Mimi nikacheka. Nikamwambia tuigeuze! Kilichotazama mbele kitazame nyuma, upande mnene uende kwenye taa za nyuma, upande mwembamba uje kwenye viti. Kama kola!

Akanyanyua kidole. Akasema bosi... ukiigeuza... na magurudumu nayo... Nikamwambia magurudumu nimeyaona, yana upepo wa kutosha. Akasema sio upepo, bosi... ni kwamba... Nikamshika mkono, nikamwambia mimi nimegeuza kola elfu mbili, hakuna shati lililolalamika. Akainua mabega. Akamaliza chai.

Nimelala kitandani na ninatabasamu peke yangu. Mke wangu ameniuliza naumwa nini.

Jumatatu, 10 Juni

Kazi! Cheche! Polepole anachomelea vyuma vya kushikia injini, mimi naamuru. Ameanza sentensi ileile mara mbili, nami nikamwambia aongee na chuma, si na mimi.

Mwokaji ameuliza aproni. Nimemwambia zinakatwa. Mkasi sijaushika tangu Alhamisi.

Mke wangu ameuliza gauni. Nimemwambia linapumzika. Kitambaa cha satini kikikatwa kwa pupa hujikunja. Akasema na mimi nitajikunja.

Jumatano, 12 Juni

IMEWAKA!

Saa nne na robo asubuhi. Kikohozi kimoja, viwili, moshi mweupe, kisha ngurumo! Kuku aliruka hadi juu ya kibao cha haraka haraka. Gereji nzima ilinukia mkate uliobabuka. Nilimkumbatia Polepole, nina oili hadi kwenye nyusi. Majirani walitoka kutazama. Mmoja akauliza kama kuna keki.

Polepole alitaka kuweka gia, ajaribu. Nikakataa katakata. Mara ya kwanza ya Bi Mdogo kutembea baada ya miaka kumi na minane haiwezi kuwa mikononi mwa mtu mwenye malapa. Nitamtoa mimi, Ijumaa, rasmi, kwa shati jeupe. Akasema lakini bosi... gia ndiyo... Nikamwambia Ijumaa.

Viti vilikuwa aibu. Panya walikula sponji, kuku akamalizia. Mchana nikavivisha upya. Satini nyeupe, mishono miwili, vifungo kumi na viwili mgongoni. Sijawahi kushona kitu kizuri namna hiyo. Hata Polepole alivua malapa kabla ya kukaa.

Alhamisi, 13 Juni

Siku nyeusi kwa sababu ya satini nyeupe.

Mke wangu aliingia chumba cha kushonea akitaka kuona mkia wa gauni. Nikafungua kabati. Kitambaa cha mkia hakipo. Nilisimama nikifikiri wezi. Kisha nikakumbuka viti.

Siwezi kuandika yote aliyosema. Alianza na ukoo wangu, akapanda hadi kwa marehemu mjomba. Akasema nimemvisha Bi Mdogo nikamwacha mwanangu uchi. Si uchi, nikasema, gauni lipo hadi kisigino. Hapo ndipo nilipokosea kusema.

Kifungo alikuwa mlangoni, amesikia. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda chake cha zamani, kile cha chini ya cherehani, akaniomba nimwambie ukweli, gari linatembea au halitembei. Maana Mjomba ameshanunua utepe, na yeye hana neno na Mjomba, ila angependa kujua Jumamosi avae viatu akimsubiri nani.

Maji ya shingo. Nikamwambia anisubiri mimi.

Tumefumua viti usiku huu, mke wangu na mimi, yeye upande huu mimi upande ule. Anashona haraka kuliko mimi. Sijawahi kumwambia. Mkia umepatikana, una matundu madogo kumi na mawili ya vifungo, amesema atayafunika kwa maua. Viti sasa ni springi tupu.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika nimefunga mlango.

Saa tisa, shati jeupe. Polepole, mwokaji na majirani. Na Shemeji, bila shaka, amesimama nyuma ya gari, mikono mifukoni, gari lake la fedha linang'aa barabarani. Nilimwomba asogee ajionee vizuri akiwa pembeni. Akasema hapo nyuma panamtosha, gari kama hilo haliwezi kumfanya lolote.

Nikawasha. Ngurumo! Nikainua mkono kuaga. Nikakanyaga klachi, nikaweka gia namba moja, nikatazama geti mbele yangu, nikaachia.

Nikaenda nyuma.

Si kidogo! Kama jiwe la manati! Nilisikia Shemeji akipiga ukelele ambao sikujua anao. Nikasikia matairi ya akiba yakiporomoka. Kile kibao kikaanguka juu ya paa. Nilipogeuka, Shemeji alikuwa amesimama kileleni mwa rundo la matairi, kiatu kimoja kimetoka, anamtaja mama yake.

Nikaweka namba mbili. Nyuma, kasi zaidi. Tatu sikuthubutu. Kwa kukata tamaa nikaweka gia ya nyuma. Bi Mdogo akatetemeka, akalia kwa uchungu, akaanza kwenda mbele. Mwendo wa bibi mwenye goti bovu.

Polepole alikuja dirishani. Akainama. Akasema, na safari hii hakuna aliyemkatiza, kwamba ukiigeuza injini, bosi, na magurudumu nayo yatazunguka kinyume. Sentensi ya Jumapili! Ameibeba siku tano! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akachukua kile kibao juu ya paa, akanielekezea nikisome.

Kurekebisha ni siku mbili. Harusi ni kesho saa nne.

Nimemleta Bi Mdogo nyumbani kwa gia ya nyuma, kwenda mbele. Dakika hamsini. Radieta ilichemka mara mbili. Mama mmoja alinipita na toroli la maji, akarudi kuniuliza kama nataka kusukumwa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, akauliza mbona mwendo wa mazishi. Nikasema injini mpya huzoeshwa taratibu.

Sijala. Nimetoka uani mara tatu kumtazama. Kesho Kifungo atavaa viatu akinisubiri mimi, na mimi nina gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Nimekuwa mjinga. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 15 Juni

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi. Gari la Shemeji mlangoni, utepe mweupe kila kona, yeye mwenyewe suti ya kijivu, bandeji ndogo kidoleni ambayo aliionyesha kila aliyempita. Nyuma yake magari manne ya ndugu. Bi Mdogo uani, mto wa kitandani kwenye kila kiti.

Kifungo akatoka. Jamani. Gauni limekaa. Mkia na maua yake. Nilisahau gari, nilisahau Shemeji, nikawa natazama mshono wa bega kwa sababu uso wake singeweza kuutazama.

Akaja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, jinsi magari ya kifahari huko kwingine yanavyoendeshwa kwa mtindo tofauti. Haikutoka. Nikamwambia ukweli. Mwanangu, gari linawaka. Linatembea. Lakini linakwenda kinyumenyume, nimeigeuza injini kama kola, fundi aliniambia sikumsikiliza. Panda la mjomba wako. Sitakasirika.

Akanitazama. Midomo ikaanza kutetemeka, nikajua nimemliza siku yake. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka mama yake akakimbia na kitambaa kuokoa wanja. Kisha akanyamaza, akajifuta mwenyewe, akasema, Baba, uliniahidi litanipeleka. Hukusema litatazama wapi.

Akafungua mlango wa Bi Mdogo, akakusanya mkia, akakaa juu ya mto.

Tulitoka mbele, kwa heshima, gia ya nyuma. Msafara wote ukifuata kwa mwendo wa kinyonga, honi zikilia. Watoto walitupita kwa miguu. Kufika nusu ya njia, mvuke! Bi Mdogo kafura. Nikasimama. Saa nne kasoro dakika kumi. Shemeji akaja sambamba, akashuka, akafungua mlango wake wa nyuma kwa adabu, viti vyake vya ngozi vikinukia upya. Akamwambia mwanangu, twende mama, watu wanangoja. Wala hakunikejeli. Afadhali angenikejeli.

Kifungo alitazama ule mlango. Kisha akaniambia, geuza, Baba. Nikauliza nini. Akasema gari hili limeshasema linataka kwenda vipi, sisi ndio wabishi. Geuza.

Tukamwagia maji, tukamgeuza pale njia panda, pua ikatazama msafara, makalio yakatazama ukumbi. Shida moja: buti halifungi kwa sababu ya injini, limesimama kama ukuta, nyuma sioni kitu. Nikamwambia sioni. Akasema yeye anaona. Akashusha kioo, akatoa kichwa na bega, shela ikapepea, akasema twende.

Namba moja. Namba mbili!

Alikuwa akiniongoza vilevile alivyokuwa akiniongoza utotoni, alipokuwa ananishikia upindo wa mapazia upande wa pili wa meza. Kushoto kidogo, Baba. Hapo. Usivute. Kulia, kulia, kuna baiskeli. Acha ipite. Haya. Sauti ileile. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyekuwa namfundisha.

Na mbele yetu, uso kwa uso, msafara mzima! Shemeji anakuja nyuma yetu ila tunatazamana, yeye kwenye kioo chake kikubwa, macho yamemtoka. Kifungo mkono mmoja amenishika bega, mwingine anapunga. Ndugu zake wote wanamwona! Shangazi zake wametoa vichwa madirishani wanapiga vigelegele. Bibi harusi gani amewahi kwenda ukumbini huku anawatazama watu wake njia nzima? Wengine huonyesha kisogo tu.

Tuliingia ukumbini saa nne na dakika mbili, makalio kwanza. Bwana harusi, aliyekuwa ameagizwa afungue mlango, alikimbilia upande usio wenyewe, akajikuta anaisalimia injini. Watu walipiga makofi. Walidhani tumepanga!

Kabla ya kushuka Kifungo alinishika mkono wenye oili, akausahau kwenye gauni lake jeupe kitambo kizima. Akasema asante kwa kunileta. Nililia. Mbele ya Shemeji. Naye alikuwa anajifuta, akasema ni ule moshi.

Mke wangu alizunguka Bi Mdogo, akampiga kofi dogo kwenye boneti, akasema haya, leo umefanya kazi, mke mwenzangu.

Jumanne, 18 Juni

Sifa zimenijia kutoka kila pembe. Wateja wawili wameuliza kama naweza kuwapelekea mabinti zao kinyumenyume. Nimewaambia ni utaalamu, unahitaji mipango ya muda mrefu. Nimeanza kukumbuka kwamba niliigeuza ile injini makusudi.

Polepole alipita asubuhi, akajitolea kuirudisha sawasawa. Siku mbili tu... bosi... bure. Nimekataa! Mtu haharibu mtindo wake.

Mwokaji amekuja kuuliza aproni. Nimemwambia zinakatwa.

Lakini usiku nimepata jambo la kunikosesha usingizi. Viti viwili! Kifungo ameolewa. Mungu akijalia, mwakani kuna mjukuu. Atatoka hospitalini kwa gari la nani? La Shemeji? Mama, mtoto na mimi, viti viwili! Haiwezekani. Binti anasema ameolewa siku tatu tu, nimwache apumue. Mke wangu amesema neno moja, siliandiki.

Dawa ni nyepesi, nashangaa hakuna aliyeiona. Suruali ikimbana mtu, fundi hufanya nini? Anafumua kiuno, anaongeza kipande, anashona. Bi Mdogo tutamkata katikati, nyuma ya usukani, tutamwongeza kipande kutoka bodi ya gari la mikate, mita moja na robo, tutachomelea. Viti vinne! Rafu ya mikate inakuwa kitanda cha mtoto.

Nimemwita Polepole, nikamchorea kwa chaki ya kukatia, juu ya mlango wa Bi Mdogo, palepale. Ameitazama ile chaki. Amenyanyua kidole. Akasema bosi... ukilikata gari... katikati...

Sikuwa na muda. Nilishaenda kuchukua futi. Nimepima mara mbili.